Fadhili William Mdawida na Wimbo Unaogombewa

Yamkini hapana mwenyeji wa Afrika Mashariki, wala mgeni aliyewahi kulala usiku mmoja katika hoteli ya pwani yetu, asiyeujua wimbo wa “Malaika”. Bendi za hotelini huuimba kwa watalii, kwaya za shule huuimba katika tamasha, na katika arusi huimbwa na watu ambao hawajawahi kuiona santuri yake. Ukiwauliza watu hao wimbo ni wa nani, wengi watamtaja Miriam Makeba. Wachache watamtaja Fadhili William. Na ukimkuta mzee mmoja wa Mombasa au wa Dar es Salaam mwenye kumbukumbu ndefu, huenda akakutajia jina la tatu, au la nne, na kukuapia kwamba hao wengine wote ni wezi.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya Fadhili William Mdawida, mwimbaji, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya studio aliyeutia wimbo huo katika santuri. Hata hivyo, haiwezekani kumsimulia bila kuligusa suala ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hulipita haraka darasani: je, mtunzi wa wimbo ni nani? Ni yule aliyeutamka kwanza, aliyeurekodi kwanza, aliyeusajili kwanza, au aliyeufikisha duniani? Katika vitabu vya nadharia swali hili hujibiwa kwa kurasa mbili tatu kisha mambo yakaendelea. Kwa Fadhili William lilikuwa swali la chakula na kodi ya nyumba.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1938 katika nchi ya Wataita. Jina lake la mwisho, Mdawida, ndilo jina ambalo Wataita wa milima ya Dawida hujiita kwalo, na kwa hiyo kila aliyelisoma jina lake alijua papo hapo ametoka wapi. Nchi hiyo iko njiani. Reli ya kutoka Mombasa kwenda bara ilifika Voi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na tangu wakati huo kijana wa Kitaita aliweza kuteremka pwani au kupanda Nairobi kwa garimoshi moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya njia hiyo. Si Kiswahili cha washairi wa Lamu na Mombasa chenye vina na mizani, bali Kiswahili chepesi cha mtu anayetafuta kazi na kuzungumza na wenzake waliotoka kila upande. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wahakiki wetu huipima kila tungo ya pwani kwa kipimo cha Muyaka, kisha huziona nyimbo za gitaa kuwa dhaifu. Lugha ya Fadhili William haikuwa dhaifu. Ilikuwa lugha ya hadhira nyingine.

Gitaa nalo lilikuwa limekwisha kutangulia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana waliotumikia jeshi la Kiingereza hadi Burma walirudi na ala mpya na mitindo mipya. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari na ambaye hutajwa kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Kutoka Kongo walikuja Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, ambao mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walivuma Nairobi kwa upigaji wa vidole uliowafanya vijana wengi waache mtindo wao wa zamani. Fadhili William alikua katika kelele hizo. Alipofikia umri wa miaka ishirini, Nairobi ilikuwa na studio, maduka ya santuri, kumbi za dansi katika mitaa ya Waafrika kama Pumwani na Kaloleni, na redio iliyohitaji nyimbo za Kiswahili kila siku.

Mwaka 1960, akiwa na kundi lililoitwa Jambo Boys, aliurekodi “Malaika”. Msomaji aukumbuke mwaka huo. Hali ya hatari iliyotangazwa nchini Kenya mwaka 1952 iliondolewa Januari 1960, na mwezi huohuo mkutano wa kwanza wa katiba ulifanyika Lancaster House, London. Vijana waliokuwa wamezuiwa kutembea usiku sasa waliweza kwenda dansini. Nyimbo za siasa hazikukosekana, lakini wimbo uliobaki midomoni mwa watu haukuwa wa uhuru wala wa bendera. Ulikuwa wa kijana asiye na mali ya kuolea.

Tuutazame wimbo wenyewe kidogo, bila kuunukuu, maana kila msomaji ameubeba kichwani. Mwimbaji anamwita mpenzi wake kwa jina la kiumbe wa mbinguni, kisha anamfananisha na ndege mdogo anayemwaza. Anakiri kwamba ameshindwa, na kinachomshinda si baba wa msichana wala mpinzani, bali ni ukosefu wa mali. Nguvu ya kisarufi ya wimbo iko katika kiambishi cha masharti, -nge-. Kushindwa kwake kumetajwa katika wakati uliopo, lakini ndoa imetajwa katika hali isiyokuwa, hali ya jambo ambalo lingetokea kama mambo yangekuwa vingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili hufundishwa -nge- kwa mifano mikavu ya mvua na mavuno. Mwalimu angeweza kuufundishia wimbo huu na darasa zima likaelewa kwa nini lugha inahitaji hali hiyo.

Na hapo pana jambo ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi kilichomo katika wimbo ni cha kuoa, na kwa hiyo nafsineni ni mwanamume bila shaka yoyote. Waliouvumisha zaidi duniani ni wanawake: Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na baadaye Angélique Kidjo wa Benin katika albamu yake ya mwaka 1991. Wote wawili hawakukibadilisha kitenzi. Msikilizaji wa New York au Paris hakusikia kitu. Mswahili alisikia sauti ya mwanamke ikiyabeba maungamo ya kijana wa kiume, naye hakukasirika. Aliyapokea kama anavyopokea utendi unaosomwa na mwanamke huku shujaa akiwa mwanamume. Yaani sauti ni ya mmoja, na masikitiko ni ya mwingine. Kwa bahati mbaya, mgawanyiko huohuo ndio uliomwandama Fadhili William maisha yake yote: sauti zikawa za wengine.

Turudi Nairobi. Katika miaka ya 1960 Fadhili William aliongoza Equator Sound Band, bendi ya studio ya kampuni ya Equator iliyoendeshwa na Charles Worrod. Humo walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na vijana wawili waliotoka Zambia, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Ukiyatazama majina hayo kwa makini utaona kwamba ni ramani: Mtaita, Mluhya, Mjaluo na Wazambia, wakipiga na kuimba kwa Kiswahili mtindo wa twisti uliochanganya gitaa la umeme, besi, ngoma na athari za muziki wa Afrika Kusini. Kiswahili cha nyimbo hizo hakikuwa lugha ya mama ya hata mmoja wao. Kwa maoni yangu, somo la kuenea kwa Kiswahili nchini Kenya linaloishia kwenye shule, serikali na redio, bila kuitaja bendi hii, limeacha sura nzima.

Kazi ya kiongozi wa bendi ya studio inahitaji kuelezwa, maana leo tumezoea kumwita mtu wa namna hiyo mtayarishaji, na tunamwona ameketi peke yake mbele ya kompyuta. Wakati ule hapakuwa na jambo la kurekodi sauti leo na gitaa wiki ijayo. Watu wote walisimama chumba kimoja na kupiga pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Akikosea mmoja, wote walirudia. Kiongozi ndiye aliyeamua ufunguo wa wimbo, mwendo wake, nani aingie kwanza, gitaa la pili lijibu wapi, na wimbo ukatwe wapi ili uenee upande mmoja wa santuri ndogo, yaani dakika tatu hivi. Mwimbaji aliyeingia studioni na wimbo wake kichwani alitoka na kitu kingine kilichokwisha kupewa umbo na wenzake. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita sauti ya Nairobi ya miaka ya 1960 ilifinyangwa katika chumba hicho, na lebo ya santuri haikuwa na nafasi ya kuandika nani alifinyanga nini. Iliandika jina la mwimbaji, jina la kampuni, na katika mabano jina la mtunzi.

Kwamba nyimbo za Equator ziliweza kuvuka bahari si dhana. “Helule Helule” ya Daudi Kabaka ilirekodiwa Uingereza na kundi la The Tremeloes mwaka 1968 na kuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana huko. Gabriel Omolo naye alipata sifa kubwa kwa “Lunch Time” mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini hakuna uliosafiri kama “Malaika”. Fadhili William aliurekodi tena baada ya ile santuri ya Jambo Boys, na bendi za Afrika Mashariki zikaupiga kila upande. Makeba, ambaye serikali ya makaburu ilikuwa imemnyima ruhusa ya kurudi kwao tangu mwaka 1960, aliuchukua akaufanya sehemu ya maonyesho yake. Mwaka 1965 ulitoka katika albamu yake ya pamoja na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden liliurekodi. Mpiga kinanda wa kundi hilo alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ABBA.

Kisha mwaka 1981 likaja toleo la Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian. Hapa wimbo wa gitaa la Nairobi ulivikwa nguo za disko: vinanda vya umeme, mapigo yaliyopangwa sawasawa kama saa, na sauti zilizorundikwa moja juu ya nyingine kwa ufundi wa studio. Wako wanaolidharau toleo hili. Mimi silidharau, ila nalitaja kwa sababu ya Farian mwenyewe. Katika nyimbo nyingi za Boney M. sauti nzito ya kiume iliyosikika ilikuwa yake, ilhali aliyeonekana jukwaani akicheza na kufungua kinywa alikuwa mtu mwingine, Bobby Farrell. Ulaya ilipolijua jambo hilo ililicheka na kulisamehe. Farian, kama mtayarishaji, hakuhitaji uso wake uonekane ndipo alipwe. Jina lake lilikuwa katika mikataba. Fadhili William alikuwa na uso, sauti na gitaa. Mikataba ndiyo iliyompa taabu.

Suala la mapato ya “Malaika” lilikuwa donda lake la kudumu. Aghalabu wanamuziki wa Afrika Mashariki wa enzi ile walilipwa fedha kidogo za mara moja kwa wimbo, na haki nyingine zikabaki kwa kampuni. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ilikuja mwaka 1966, miaka sita baada ya wimbo kurekodiwa, na wanamuziki wengi walichelewa kujua kwamba wimbo una haki mbili zilizotengana: haki ya utungo na haki ya sauti iliyorekodiwa. Mwenye haki ya utungo hulipwa hata wimbo ukiimbwa na mtu wa Sweden. Fadhili William alilalamika kwa miaka mingi kwamba wengine walitajirika kwa wimbo wake ilhali yeye alipata makombo. Kisa chake hakikuwa cha pekee barani. Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi “Mbube” mjini Johannesburg mwaka 1939, aliipa kampuni haki za wimbo wake kwa shilingi kumi na kufariki maskini mwaka 1962, huku wimbo huo ukizalisha mamilioni ya dola Marekani kwa jina jingine. Warithi wake walifikia makubaliano ya fidia mwaka 2006. Tofauti iliyopo ni kwamba hakuna aliyesimama Johannesburg kudai kwamba Linda naye aliutwaa wimbo kwa mtu.

Kwa Fadhili William, walisimama. Aliyedai kwa nguvu zaidi alikuwa Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1916, ambaye aliishi Nairobi katikati ya miaka ya 1940. Kwa maelezo yake, aliutunga wimbo mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walimwoza mtu mwenye mali. Fadhili William naye alishikilia kwamba aliutunga mwenyewe, kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa kukosa mahari. Wakenya wawili wa pwani, Grant Charo na Lucas Tututu, nao wametajwa na watu mbalimbali kuwa watunzi wake.

Ukiyaweka madai mawili ya kwanza pamoja utaona jambo la ajabu kidogo: yanasimulia kisa kimoja. Kijana maskini, msichana mzuri, mali, kushindwa. Mwenye kushuku atasema mmoja amemwiga mwenzake hata katika hadithi ya mapenzi. Mimi naona inawezekana pia kwamba wote wawili walisema kweli kuhusu mioyo yao. Nairobi ya mwaka 1945 na Nairobi ya mwaka 1959 zilikuwa zimejaa vijana waliotoka mbali, wakiishi kwa ujira mdogo, na mahari ikidaiwa kwao nyumbani. Kisa hicho hakikuhitaji kuigwa kwa mtu. Kilichohitaji mwenyewe ni lahani na mpangilio wa maneno.

Hukumu yangu, kwa kadiri ya ushahidi ulioko wazi, ni hii. Kwamba Fadhili William ndiye aliyeufanya “Malaika” tunaoujua, kwa mwendo wake, kwa umbo lake na kwa upole wa sauti yake, sioni sababu ya kukana. Matoleo ya dunia nzima yametoka katika mlango huo. Kwamba hakuna mtu aliyeimba chochote cha namna hiyo kabla yake, sikubali kwa wepesi, maana madai ya Adam Salim yana tarehe, mahali na sababu, na hayawezi kufutwa kwa kuwa tu mdai hakuwa na santuri. Mwaka uleule wa 1960, Albert Lord wa chuo kikuu cha Harvard alichapisha kitabu chake kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, na humo alishikilia kwamba katika fasihi simulizi kuimba na kutunga ni tendo moja, na kila mwimbaji huutunga wimbo upya anapouimba. Nadharia hii inapendeza sana darasani. Katika ofisi ya hakimiliki haina pa kukaa, kwa sababu sanduku la fomu linataka jina moja na tarehe moja. Fadhili William alikuwa amesimama hasa pale ambapo dunia hizi mbili zinagongana. Alitoka katika utamaduni ambao wimbo hupitishwa mkono kwa mkono, akaingia katika biashara ambayo wimbo huuzwa.

Nina mfano mwingine ulio karibu nami zaidi. Mimi ni mzaliwa wa Wema, huko Garsen katika Tana River, kwenye uwanda wa mpunga na miembe ambao mto huufunika unapotaka. Kwetu sisi Wapokomo, mtoto hubembelezwa kwa nyimbo ambazo hapana mama anayeuliza zilitungwa na nani. Mwaka 1963, kamati ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipotakiwa kutayarisha wimbo wa taifa la Kenya, iliichagua lahani ya bembelezi mojawapo ya Kipokomo. Mzee Meza Moroa Galana alitajwa kwa miaka mingi kuwa ndiye aliyeitoa lahani hiyo. Kila Mkenya husimama wima kwa wimbo uliotungwa mtoto alale. Nakumbuka wazee wa kijijini wakibishana jioni kuhusu nani alipaswa kulipwa, na kiasi gani, na kama inafaa kabisa kudai malipo kwa wimbo wa nyanya zetu. Wengine walisema heshima inatosha. Wengine waliuliza heshima hiyo imeandikwa wapi.

Hizi ni nyimbo mbili za watu wa pwani ambazo Mkenya yeyote anazijua kwa moyo, na kila moja imekumbwa na taabu iliyo kinyume cha mwenzake. Bembelezi ina jamii nzima lakini haina jina. “Malaika” una majina mengi mno. Katiba ya mwaka 2010 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii ilipitishwa mwaka 2016. Sheria hiyo inaweza kuwafaa Wapokomo. Haiwezi kumfaa mtu kama Fadhili William, ambaye hakudai kwa niaba ya jamii. Yeye alidai kwa niaba ya nafsi yake, na alichokuwa nacho mkononi ni santuri.

Mwaka 1983 alihamia Marekani, akakaa huko kwa takriban miaka kumi na mitano. Ni sura ndefu ya maisha yake iliyo mbali na jukwaa letu. Nchi aliyoiacha ilikuwa imebadilika: twisti ilikuwa imekwisha, benga na muziki wa Kongo vilikuwa vimetwaa kumbi, na Equator ilikuwa jina la wakusanyaji wa santuri za zamani. Nchi aliyoiendea iliujua wimbo wake bila kumjua yeye. Mtu aweza kufikiri jinsi inavyokuwa kuusikia wimbo wako ukiimbwa katika lugha yako na watu wasioelewa neno hata moja, matamshi yakiteleza na mipaka ya maneno ikichanganyika, ilhali hakuna chumbani anayejua kwamba umekaa pale. Huko nyumbani, kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru kilikuwa kikiamini kwamba “Malaika” ni wimbo wa Makeba, na wengine walidhani ni wimbo wa jadi usiokuwa na mtu.

Alirudi Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Magazeti yalimkumbuka, mahojiano yakafanyika, na lile swali la zamani likaulizwa tena, nani alitunga, kana kwamba mtu aliyeongoza bendi iliyojaa vipaji namna ile hakuwa na jambo jingine la kusimulia. Hili kwa kweli linasikitisha mtafiti. Siti binti Saad alibahatika: Shaaban Robert alimwandikia wasifu kutokana na mazungumzo naye kabla hajafariki mwaka 1950, na leo tunajua alivyojifunza, alivyosafiri kwenda Bombay kurekodi, na alivyopanga kazi na wenzake. Fadhili William hakupata Shaaban wake. Mambo ya studio, mabishano kuhusu ufunguo na mwendo, namna Kiswahili cha Mjaluo na cha Mzambia kilivyorekebishwa mbele ya kipaza sauti, hayo yalihitaji mtu mwenye daftari aliyekuwa tayari kusikiliza kwa wiki kadhaa. Idara zetu zilikuwapo. Walimu wetu walikuwa wakiandika kuhusu tendi za karne ya kumi na nane, kazi njema isiyo na lawama, huku watunzi wa karne yao wakipanda matatu moja nao.

Kuna dalili kwamba mambo yanabadilika. Tasnifu kuhusu nyimbo za bongo fleva, taarabu ya kisasa na hata rapu ya Nairobi zimekuwa za kawaida, na hakuna tena anayemcheka mwanafunzi anayependekeza mada ya namna hiyo. Lakini tumeruka. Tumetoka kwa Muyaka na Siti tukatua kwa vijana wa kompyuta, na hapo katikati tumeacha miaka thelathini ya gitaa la umeme, ambayo waliohusika nayo wengi wamekwisha kuzikwa. Santuri zao ziko mikononi mwa wakusanyaji binafsi, nyingi zikiwa Ulaya. Mwanafunzi anayetaka kuhakiki matini za Equator hana budi kuanza kwa kuzisikiliza na kuzinukuu mwenyewe kwa sikio, mstari kwa mstari, kama anavyofanya mtafiti wa ngano vijijini. Ndiyo kusema kwamba nyimbo zilizorekodiwa kwa mitambo zimegeuka kuwa fasihi simulizi kwa mara ya pili.

Fadhili William alifariki mjini Mombasa tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Daudi Kabaka, mwenzake wa Equator, alimfuata mwezi Novemba mwaka huohuo. Mwaka huo pia Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, ambayo ilianza kutumika Februari 2003. Kwa mujibu wa sheria hiyo, utungo wa muziki hulindwa kwa muda wa maisha ya mtunzi na miaka hamsini baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Iwapo mtunzi wa “Malaika” ni Fadhili William Mdawida, basi wimbo huo utabaki kuwa mali ya warithi wake, au ya yeyote aliyezinunua haki zake, hadi mwisho wa mwaka 2051. Iwapo ni mtu mwingine, hesabu hiyo inaanza kutoka kaburi jingine.